Shajara ya mradi: kupunguza makosa ya kuteleza katika hisabati ya KCSE, Langoni, Lamu

Jumamosi, 10 Mei 2025: kupanga karatasi

Mradi huu ni wa kundi la jioni la watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, hapa Langoni. Wako kumi na wawili, wote Kidato cha Nne, wengi wa Langoni na Gadeni, wachache wanakuja kwa miguu kutoka Shela. Tunasomea chumba cha chini tulichopewa bure na jamaa mmoja mwenye nyumba. Ubao upo, stima ipo siku nyingi. Naandika kila hatua inapokwisha ili mwalimu au mzazi anayetaka kujaribu jambo hili kwao asianzie sufuri.

Lengo ni kuokoa alama ambazo mtoto anazipoteza katika mambo anayoyajua. Mada ambazo hajazielewa ni kazi nyingine, tunaifanya siku nyingine.

Nilichukua karatasi zao za mtihani wa mwisho wa muhula nikapitia kila alama iliyokatwa, nikaigawa mafungu mawili: aliyokosa kwa kutojua, na aliyokosa ilhali anajua. Kuyatenganisha si kazi ngumu. Mpe swali lilelile kwenye karatasi safi, bila kumharakisha. Akilipata, basi alijua. Fungu hili la pili lilikuwa kubwa mno, na kwa wanafunzi walio wazuri ndilo lililobeba karibu alama zote walizokosa.

Chukua karatasi ya msichana mmoja. Swali la alama tatu: 3(2x − 5) − 2(x − 4) = 9. Alifungua mabano akaandika 6x − 15 − 2x − 8 = 9. Kisha 4x − 23 = 9, kisha 4x = 32, kisha x = 8. Ukiacha kufungua mabano, kila mstari ni sahihi. Jibu ni namba nzima, limekaa vizuri, halina desimali ya kumtia mtu shaka. Lakini −2 mara −4 ni +8. Mstari wa kwanza ulitakiwa uwe 6x − 15 − 2x + 8 = 9, na x ni 4. Nilimpa swali jingine la aina hiyo hapohapo, akalipata. Nikafunua karatasi zake za zamani nikakuta kosa hilohilo, mahali palepale: mabano yanayotanguliwa na alama ya kutoa, na ndani yake mna alama nyingine ya kutoa. Mabano ya kwanza huwa hayamsumbui kabisa.

Mamake alipokuja kumchukua baada ya isha aliniambia, "Mwalimu, huyu akili anazo, ni uzembe tu. Mwambie atulie."

"Mama, uzembe sijauona," nikamjibu. "Nimeona kosa moja, na najua linapokaa. Tulitafutie dawa yake."

Huo ndio msimamo ninaoanza nao. Kumwambia mtoto "kuwa makini" ni kumpa amri isiyoweza kutekelezwa, kwa sababu hajui umakini huo auweke wapi. Karatasi ina alama 100 na mamia ya hatua ndogondogo; hakuna kijana awezaye kukaza macho kwa kila hatua kwa saa mbili na nusu. Akiambiwa akaze macho mahali pawili au patatu tu, hapo anaweza.

Jumamosi, 31 Mei: daftari la makosa

Kila mmoja amepata daftari la kurasa 96 na kalamu nyekundu. Daftari sh 60 kila moja, jumla sh 720. Kalamu sh 20, jumla sh 240. Ukurasa una safu nne: swali, nilichoandika, kilichotakiwa, na sababu.

Safu ya nne iliharibika mara moja. Nilipoyakusanya madaftari, karibu kila mtu alikuwa amejaza "sikuwa makini", "haraka", "nilisahau", "uzembe". Kurasa zimejaa na hakuna la kujifunza. Maneno hayo wameyasikia nyumbani na shuleni tangu darasa la kwanza, na ndiyo yanayowajia kalamu ikishikwa.

Tulichofanya ni kuyapiga marufuku. Kichwa cha safu tumekibadilisha kikawa "mkono ulifanya nini", na kinachoruhusiwa kuandikwa humo ni jambo linaloonekana kwenye karatasi tu. "Nilizidisha −2 na −4 nikaandika −8." "Niliandika 6, chini yake nikaisoma 0." "Swali lilitaka kipenyo, nikaachia kwenye nusukipenyo." Sentensi kama hizi unaweza kuzihesabu, na zikirudi unazitambua.

Baada ya mabadiliko hayo sura za watu zilianza kujitokeza. Mvulana mmoja makosa yake karibu yote ni ya mwandiko. Mwingine hakosei hesabu, anakosea kusoma. Wawili wanakata desimali mapema. Hakuna aliyekuwa na makosa ya kila aina, na hili naomba mwalimu anayenifuata alitie maanani. Darasa zima linapohubiriwa umakini, kila mtoto anasikiliza mahubiri ambayo sehemu kubwa hayamhusu.

Jumamosi, 14 Juni: mwandiko na nafasi

Hatua fupi, lakini imeleta faida ya haraka kuliko zote. Shuleni hisabati inafanywa kwenye daftari za miraba, na miraba inamsaidia mtoto kupanga tarakimu. Karatasi ya KCSE ina nafasi tupu chini ya swali. Miraba huwekwa kwa maswali ya grafu. Kijana aliyezoea miraba akifika hapo mistari yake inateremka, alama ya sawasawa inapotea, na 1 inaparamia 7. Tumeacha daftari za miraba, tunafanyia mazoezi kwenye karatasi nyeupe. Rimu moja sh 700.

Hatua moja, mstari mmoja. Alama za sawasawa zinashuka kwa safu moja. Sufuri inafungwa juu, sita ina mkia. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa uandike chini yake, usifute wala usipake wino. Hili la kufuta lilichukua muda kuwatoka. Hawa ni watoto wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ambao karatasi yake ya hisabati ilikuwa maswali 50 ya kuchagua herufi, na hakuna msahihishaji aliyeangalia njia uliyopita. KCSE ni tofauti, na imeandikwa kwenye jalada lenyewe: onyesha hatua zote, na alama zaweza kutolewa kwa kazi iliyo sahihi hata kama jibu si sahihi. Mtoto anayefuta kazi yake anajinyang'anya alama za njia kwa mkono wake.

Jumamosi, 5 Julai: dakika ishirini za mwisho

Hapa ndipo mpango ulipovunjika, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Tulifanya karatasi kamili kwa masharti ya mtihani: saa mbili na nusu, sehemu ya kwanza maswali 16 ya lazima kwa alama 50, sehemu ya pili maswali 8 uchague 5, kila moja alama 10. Fotokopi za karatasi hii na moja ninayoiweka kwa Oktoba: kurasa 16, watu 12, sh 5 kwa ukurasa, karatasi mbili, jumla sh 1,920. Saa ya ukutani sh 650. Ratiba ilikuwa dakika 65 kwa sehemu ya kwanza, 65 kwa ya pili, na 20 za kukagua. Katika hizo ishirini kila badiliko liandikwe kwa kalamu nyekundu, nipate kuona ukaguzi umefanya kazi gani.

Kurasa nyingi hazikuwa na wino mwekundu hata tone, na makosa yalikuwa yamejaa. Niliwatazama wakikagua: jicho linashuka mstari kwa mstari, kichwa kinakubali, ukurasa unafunuliwa. Palipokuwa na wekundu, baadhi ya majibu yalikuwa sahihi yakabadilishwa yakawa makosa, kwa wasiwasi tu.

Ukitafakari unaona sababu. Aliyeandika −8 aliiandika kwa sababu aliiamini. Akiisoma tena baada ya saa mbili, ataiamini tena kwa njia ileile. Kusoma upya kazi yako ni kupita barabara ileile, na shimo ulilolivuka bila kuliona mara ya kwanza utalivuka tena. Isitoshe, dakika ishirini za mwisho ndizo kijana amechoka zaidi.

Tumeziondoa dakika hizo. Ukaguzi sasa unafanywa pale swali linapokwisha, kabla ya kuhamia jingine, na ni lazima upite njia tofauti na ile iliyoleta jibu.

Mlinganyo: rudisha jibu kwenye swali la awali, usilirudishe kwenye mstari wako wa pili. Yule msichana angeweka x = 8 angepata 3 × 11 − 2 × 4, yaani 33 − 8, ambayo ni 25. Swali linasema 9. Amejua papo hapo kwamba kuna kosa, na anajua aanze kulitafuta kwenye mabano. Akiweka 4 anapata 3 × 3 − 0 = 9, anafunga.

Kufungua mabano au kuchanganua: weka x = 1 pande zote mbili. (2x − 3)(x + 4) kwa x = 1 ni −1 × 5, yaani −5. Ukiandika 2x² + 5x − 12 unapata 2 + 5 − 12 = −5, sawa. Aliyeandika + 12 mwishoni atapata 19. Kipimo hiki hakikamati kila kosa, lakini alama ya kujumlisha au kutoa ikigeuka, mara nyingi kinaikamata.

Jedwali la grafu: kwa y = x² − 2x − 3, x kutoka −2 hadi 4, thamani ni 5, 0, −3, −4, −3, 0, 5. Zinajirudia kama kioo kushoto na kulia ya −4. Aliyefanya (−2)² kuwa −4 anapata −3 mwanzoni mwa safu badala ya 5, kioo kinavunjika, na anaiona kabla hajachora nukta hata moja. Kwa swali la alama 10, kuliona mapema ni muhimu sana, maana mkunjo mzima na majibu yote yanayosomwa kutoka kwake yanategemea jedwali hilo.

Mvulana mmoja alilalamika, "Mwalimu, muda hautatosha." Ni hoja ya haki. Tulipiga hesabu pamoja ubaoni: dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa alama. Swali la alama tatu lina dakika nne na nusu. Kurudisha jibu kwenye mlinganyo ni nusu dakika. Hata hivyo wiki iliyofuata walio wazito hawakumaliza, kwa kuwa walikuwa wakikagua kila kitu. Marekebisho yalitoka kwenye madaftari yenyewe: kila mmoja anakagua makosa yake yanayojirudia, mawili au matatu, basi. Karatasi ikifunguliwa anayaandika kwa ufupi juu ya ukurasa wa kwanza kwa penseli. Msichana wa mabano ameandika "− nje, − ndani". Wengine wote wanaliruka hilo, kwa kuwa si lao.

Jumamosi, 2 Agosti: kikokotoo

Kikokotoo kinaruhusiwa kwenye karatasi zote mbili za hisabati ya KCSE isipokuwa swali likikataza, na wengi wao wanakiamini kupita kiasi. Makosa matatu yalirudi sana.

La kwanza ni kipimo cha pembe. Kabla ya mtihani kila mtu abonyeze sin 30. Jibu ni 0.5. Ikitoka −0.988, mashine iko kwenye R, yaani radiani badala ya digrii. Ikitoka 0.454, iko kwenye G, yaani gradi, na huyu wa G ndiye hatari, kwa sababu 0.454 inafanana na jibu la kweli na inaweza kumpitisha mtoto swali zima la trigonometria bila kushtuka. Vikokotoo hivi huazimana kati ya ndugu na marafiki, na aliyekitumia mwisho hujui alikiacha wapi.

La pili ni namba hasi na kipeo. Ukibonyeza −3² bila mabano, mashine inatoa −9. Katika 2x² − 3x − 5 = 0, b ni −3 na b² ni 9; kwa fomula ya milinganyo ya kipeo cha pili, chini ya kipeuo tunapata 9 + 40 = 49, na x ni 2.5 au −1. Aliyeruhusu −9 iingie alipata 31 chini ya kipeuo, akatoka na 2.14 na −0.64. Yana desimali mbili kama majibu mengi ya fomula hiyo, hayana dalili yoyote ya ugonjwa. Sheria yetu sasa: namba hasi haiingii kwenye mashine bila mabano.

La tatu ni kukata desimali njiani. Sh 50,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka inayopigwa kila mwezi, miaka mitatu. Asilimia 10 ikigawanywa kwa miezi 12, kila mwezi unazidisha kwa 1.008333 na kuendelea, mara 36, unafika sh 67,409. Wawili walikata wakaandika 1.008, wakafika sh 66,611 na senti. Karibu sh 800 zimepotea katika kile walichokiona kama usafi wa kazi. Tumekubaliana kuacha namba ndani ya kikokotoo kwa kitufe cha Ans, na kwenye karatasi kuandika angalau tarakimu nne baada ya nukta. Kukadiria ni mstari wa mwisho tu.

Jumamosi, 30 Agosti: kusoma swali

Karatasi imeandikwa kwa Kiingereza na watoto hawa wanafikiri kwa Kiswahili. Wanaielewa, lakini wakiwa na haraka wanashika namba na kuacha maneno. Nilianza na ushauri wa kawaida wa kupigia mstari maneno muhimu. Haukufaa: walipigia mstari karibu swali zima, kisha wakakokotoa kitu kisichoulizwa.

Kilichofaa ni kuanzia mwisho. Kabla ya hesabu yoyote, mtoto ajisemee kimoyomoyo kwa Kiswahili ni nini kinachotakiwa, kisha pale jibu litakapokaa aandike sura yake: "litre ___" au "saa ___ dakika ___" au "___, desimali 2". Nafasi hiyo inamngoja. Akifika na nusukipenyo mkononi ilhali chini pameandikwa "kipenyo = ___ cm", hawezi kufunga.

Swali la muda lilionyesha faida hiyo vizuri. Matatu inakwenda Malindi hadi Mombasa, kilomita 120, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. 120 kwa 50 ni 2.4. Walioandika haraka walisema saa 2 dakika 40. Waliokuwa wametayarisha "saa ___ dakika ___" walilazimika kusimama na kuzidisha 0.4 kwa 60, wakapata saa 2 dakika 24.

Hapa ndipo pia tumeingiza kipimo cha maisha. Niliwapa jabia, yaani tangi la maji la kujengwa, la mita 2.5 kwa 1.8 kwa 1.2. Ujazo ni mita za ujazo 5.4. Mmoja akaandika litre 540. Nikamuuliza, "Hizo ni jirikeni ngapi za lita ishirini?" Akagawanya: 27. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, jabia la nyumbani jirikeni 27 haliwezi kuwa hata robo." Akarudi mwenyewe akapata 5,400, jirikeni 270. Mtoto aliyechota maji tangu utotoni ana kipimo mwilini ambacho hakuna mtu aliyewahi kumruhusu akiingize kwenye chumba cha mtihani. Tangu siku hiyo kila swali la ujazo, bei au mwendo linaulizwa: je, hapa Lamu jambo hili linawezekana?

Jumamosi, 20 Septemba

Wiki ya Maulidi mji umejaa wageni na vijana wengi wana kazi nyumbani, kwa hiyo hatukukutana. Kabla ya hapo tulirudia mazoezi ya ukaguzi tu, hakuna jipya. Madaftari yameanza kupungua maingizo.

Jumamosi, 18 Oktoba: karatasi ya mwisho kabla ya mtihani

Tumetumia ile fotokopi iliyohifadhiwa. Msichana wa mabano alikutana na alama ya kutoa nje na ndani zaidi ya mara moja na hakuteleza. Kwenye swali moja kazi yake inaonyesha −6 iliyopigwa mstari mmoja na +6 chini yake, baada ya kurudisha jibu na kuona halikubali. Makosa ya kikokotoo yametoweka karibu kabisa. Kusoma swali kumeboreka kwa wote isipokuwa wawili, ambao wakibanwa na muda huacha kuandika sura ya jibu, na wanajua.

Gharama zote: daftari sh 720, kalamu sh 240, rimu sh 700, saa sh 650, fotokopi sh 1,920. Jumla sh 4,230. Wazazi walichanga sh 300 kila mmoja, yaani sh 3,600, na sh 630 zilizobaki nimelipa mimi. Anayetaka kupunguza aanzie kwenye fotokopi: maswali ya sehemu ya kwanza yanaweza kuandikwa ubaoni, ila karatasi kamili moja ni lazima, kwa sababu uchovu wa saa mbili na nusu hauigiziki ubaoni.

Lililonishinda ni kunakili. Mvulana yule wa mwandiko, ambaye sita na sufuri zake sasa zinasomeka, bado anahamisha 3.65 kutoka kwenye swali akaiandika 3.56 kwenye kazi yake. Kurudisha jibu hakusaidii, maana analirudisha kwenye namba ileile aliyoinakili vibaya. Tumejaribu kuweka kidole juu ya namba kwenye swali wakati wa kuinakili, na kuitamka tarakimu moja moja kimoyomoyo. Kidole kinasaidia mwanzoni mwa karatasi, kufikia swali la kumi anakisahau. Sasa anajaribu kuzungushia duara kila namba ya swali baada ya kuinakili. Kwenye karatasi ya leo imekamata baadhi, nyingine zikapita. Kundi la Kidato cha Tatu linaanza Januari na duara hizo zitaanza nao wiki ya kwanza. Mwalimu yeyote aliyepata njia bora zaidi kwa kosa hili, naomba aniandikie.